Kabla ya dawa, mjue mdudu: niliyojifunza kwa wagonjwa wenye maambukizi ya uti wa mgongo

Wagonjwa wenye maambukizi ya bakteria kwenye uti wa mgongo, yaani kwenye pingili na diski zake, hufika kwetu wamechelewa, na wengi wao hawakuchelewa kwa uzembe. Walikwenda hospitali mapema. Wakaandikiwa dawa za maumivu, wakarudi, wakabadilishiwa, wakapigwa eksirei ikaonekana haina neno, wakaambiwa ni misuli, ni uzee, ni kazi za kuinama. Wiki zikapita, pengine miezi miwili au mitatu, ndipo mtu anakuja akitembea kwa kushika ukuta. Nimewahudumia wagonjwa hawa kwa miaka mingi, na kila mwaka unaopita unanithibitishia jambo lile lile: kwanza ushuku, halafu umtafute mdudu, yaani bakteria aliyeleta ugonjwa, mpaka umjue kwa jina, ndipo uanze dawa. Mpangilio huo ukivurugika, anayeumia ni mgonjwa.

Ugonjwa huu hujificha kwa sababu maumivu ya mgongo ni ya kila mtu. Katika umati wa wanaolalamikia mgongo, wenye maambukizi ni wachache mno, na daktari hawezi kumpeleka kila mmoja kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Shaka lazima iwe na sababu. Homa, ambayo wengi wetu tunaitegemea, haitegemeki hapa: karibu nusu ya wagonjwa hawana homa, hasa wale wanaomeza dawa za maumivu zinazoshusha pia joto la mwili. Hesabu ya chembe nyeupe za damu inaweza kurudi sawa kabisa. Eksirei nayo, katika wiki mbili tatu za mwanzo, mara nyingi haionyeshi kitu, kwa kuwa mfupa huchukua muda kuliwa mpaka uharibifu uonekane kwenye picha. Mtu akisema "eksirei yangu ilikuwa nzuri," mimi huuliza ilipigwa lini.

Ninachokisikiliza zaidi ni namna mgonjwa anavyoyasimulia maumivu yake. Mgongo uliochoshwa na kazi hupata nafuu ukilazwa. Huu haupati. Unauma mchana, unauma usiku, unamwamsha mtu saa nane za usiku na kumkalisha kitandani, na wiki hii unauma kuliko wiki iliyopita.

Mzee mmoja mwenye kisukari alinionyesha hayo yote kabla hajafungua kinywa. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, viganja vyote viwili amevikandamiza kwenye godoro, mikono imenyooka, mabega yamepanda karibu na masikio, uzito wote wa kifua ameuegemeza kwenye mikono ili kiuno kisibebe chochote. Nilimwamkia, nikamwomba alale nimpime. Akamtazama mkewe. Mama yule ndiye aliyejibu: "Halali huyu, daktari. Usiku nikiamka namkuta amekaa hivi hivi." Basi nikampima amekaa. Nilianza chini ya shingo, nikawa nagonga polepole kwa ubavu wa ngumi, pingili moja baada ya nyingine. Kote huko alitulia. Nilipofika usawa wa kiuno alishtuka, mwili mzima ukakaza, pumzi ikamkatika. Nikashuka pingili moja zaidi, akatulia tena. Maumivu ya mahali pamoja namna hiyo, kwa mtu mwenye kisukari asiyelala, yananitosha mimi kuacha mengine yote na kutafuta usaha.

Nilimvua soksi. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia palikuwa na kidonda kidogo kimefungwa vizuri. "Hicho cha zamani, mwanangu," akaniambia, "kinapona." Kilikuwa kinapona kweli, lakini kilikuwa kimeshapitisha bakteria kwenye damu.

Damu ndiyo njia kuu ya ugonjwa huu. Bakteria huingia kupitia kidonda, jipu, maambukizi ya mkojo, jino bovu, kanula iliyokaa mkononi siku nyingi, mpira wa kusafishia damu kwa wenye ugonjwa wa figo, au sindano za wanaojidunga dawa za kulevya. Husafiri wakiwa wametawanyika mwili mzima, na wengi hufa njiani. Pingili za mgongo zina damu nyingi, na kwenye kingo zake zinazogusana na diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, mishipa ni myembamba mno na damu hutembea taratibu. Hapo hunasa. Diski yenyewe, kwa mtu mzima, haina mishipa ya damu. Hupata chakula kwa kunyonya kutoka kwenye mfupa wa jirani. Kwa hiyo maambukizi huanza kwenye ukingo wa pingili, huvuka diski ambayo haina askari wa kuilinda, na kufikia ukingo wa pingili ya pili. Mtoto mdogo ni tofauti, diski yake bado ina mishipa, naye anaweza kuanza kuugua kwenye diski moja kwa moja. Mara nyingi dalili yake ni kukataa kutembea au kukataa kukaa, bila kueleza kinachouma.

Kwa sababu hiyo siku hizi historia ya mgonjwa naianzia mbali na mgongo. Nauliza kuhusu ngozi, mkojo, meno, moyo, kulazwa hospitali miezi michache iliyopita, sindano yoyote ya mgongoni, upasuaji wowote. Majibu hayo huanza kunidokeza ni mdudu gani. Staphylococcus aureus ndiye anayeongoza karibu kila mahali, na huingia zaidi kwa njia ya ngozi na mipira ya hospitali. Mzee aliyekuwa na shida ya mkojo namfikiria E. coli na jamaa zake. Streptococcus hunipeleka kwenye meno na vali za moyo. Mwenye selimundu namwekea Salmonella kwenye orodha. Na anayekunywa maziwa mabichi au kufanya kazi na mifugo simruhusu atoke chumbani kabla sijamwandikia kipimo cha bruselosi.

Vipimo viwili vya damu vya bei ndogo husaidia kuamua nani aende MRI: CRP na ESR. Havitaji ugonjwa, vinasema tu kuna moto mwilini. Lakini mgongo unaouma wiki nyingi, wenye CRP na ESR zilizopanda sana, hauna haki ya kuitwa misuli. Vikiwa vya kawaida vyote viwili, maambukizi ya bakteria wa kawaida hayaelekei kuwepo, ingawa kifua kikuu na bruselosi wakati mwingine hupandisha kidogo tu.

MRI ndiyo picha inayoaminika, na huugundua ugonjwa huu kwa zaidi ya asilimia 90. Ninapoifungua natafuta mambo matatu kwa pamoja: diski inayong'aa kana kwamba imejaa maji, kingo mbili zinazoipakana zimeliwa, na pingili za juu na chini zimevimba ndani. Saratani iliyosambaa mfupani kwa kawaida huila pingili na kuiacha diski. Maambukizi ya bakteria huishambulia diski. Kifua kikuu huvuruga kanuni hiyo. Chenyewe hupenda mgongo wa kifuani, huanza mbele ya pingili, hutambaa chini ya kano kupita pingili kadhaa, huiacha diski muda mrefu, na hujenga majipu makubwa ambayo hayaumi kama ukubwa wake. Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliandika mwaka 1779 juu ya wagonjwa wenye kibiongo waliopooza miguu, na jina lake bado limo kwenye ugonjwa huo. Picha ikipigwa mapema sana inaweza isionyeshe kitu. Kama shaka yangu bado ina nguvu, naomba irudiwe baada ya wiki moja au mbili.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonikereketa moyoni. Picha ikishaonyesha maambukizi, watu wote, mgonjwa, ndugu, hata wauguzi, wanataka dripu ya antibayotiki ianze saa hiyo hiyo. Nami nasema tusubiri.

Nakumbuka kijana aliyemleta mama yake. Alinifuata koridoni, sauti ameishusha lakini imejaa uchungu: "Daktari, mama anaumia, picha mmeiona, dawa mnazo. Mnasubiri nini?" Nilimkalisha nikamweleza. Mama anaweza kutembea, mkojo unatoka vizuri, presha yake iko sawa. Kwa hiyo tuna nafasi ya siku chache za kumtafuta mdudu. Nikimpa dawa leo, wadudu walioko kwenye damu watazimia, tutaotesha damu, yaani kuiweka maabara ili wadudu wakue waonekane, na haitaota kitu, na waliojichimbia mfupani watabaki salama. Nitalazimika kumpa dawa za kubahatisha kwa wiki sita, kali na nyingi, za kupiga kila kitu, bila kujua kama moja kati yake ndiyo inayofaa. Na zikishindwa, sitajua kwa nini. Alinisikiliza, akauliza, "Siku ngapi?" Nikamwambia nitamwangalia mama yake asubuhi na jioni, miguu na mkojo, na kitu chochote kikibadilika dawa inaanza papo hapo. Alikubali. Damu ya mama yule iliota Streptococcus, tukatumia dawa moja tu, na kipimo cha moyo kikaonyesha vali yenye uoto wa bakteria ambayo hakuna aliyekuwa ameishuku.

Kuchukua damu ya kuotesha ni kazi ndogo ambayo ikifanywa hovyo inaharibu kila kinachofuata. Tunachukua seti mbili au zaidi, kutoka sehemu tofauti za mwili, kila seti ina chupa mbili, na kila chupa inapata damu ya kutosha. Ngozi inasafishwa kwa dawa na inaachwa ikauke yenyewe. Watu wengi huipangusa au kuipuliza wakiwa na haraka. Kizibo cha chupa nacho kinasafishwa. Yote haya ni kwa sababu ngozi ina bakteria wake wa kawaida, na hao hao wakati mwingine huwa ndio wanaosababisha kweli ugonjwa wa mgongo, hasa kwa mtu mwenye vyuma mwilini. Ukipata mmoja kwenye chupa moja tu, hujui kama umemshika mwizi au mpita njia.

Damu ikiota Staphylococcus aureus na MRI inaafikiana, kazi imekwisha, hakuna haja ya kumchoma sindano mgongoni. Isipoota, tunatoa kinyama kwenye diski au kwenye ukingo wa pingili kwa sindano inayoongozwa na mashine ya CT. Nasisitiza kinyama hicho kigawanywe: sehemu ikaoteshwe bakteria wa kawaida, sehemu ikapimwe kifua kikuu kwa kuotesha na kwa GeneXpert, kipimo cha haraka kinachotafuta vinasaba vya mdudu huyo, sehemu ikatafutwe fangasi, na sehemu iende kwa mtaalamu wa kuangalia seli. Nimeona kinyama kizima kimezamishwa kwenye formalini, ambayo huua kila mdudu, halafu maabara inaombwa ioteshe. Hakuna chochote cha kuotesha hapo, na mgonjwa ameshachomwa. Sindano ya kwanza ikirudi haina kitu, turudie, au mpasuaji afungue achukue kikubwa zaidi. Ni vigumu kumwambia mgonjwa habari hiyo, lakini ni vigumu zaidi kumtibu gizani.

Kuna wagonjwa ambao kusubiri kwao ni hatari, na hapa sitaki nieleweke vibaya. Miguu inayolegea, mkojo unaokataa kutoka, haja inayotoka bila taarifa, ganzi kwenye msamba na sehemu za kukalia, au presha inayoshuka kwa sababu bakteria wametapakaa: huyo anachukuliwa damu ndani ya dakika chache na dawa inaanza, mpasuaji akiwa anaitwa. Usaha ukikusanyika kwenye nafasi inayozunguka uti wenyewe, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, huubana na kuziba damu yake. Heusner aliueleza mwendo huo mwaka 1948 kwa hatua nne: mgongo unauma, kisha maumivu yanashuka kwenye mguu au yanazunguka mbavu, kisha udhaifu na shida ya mkojo, kisha kupooza. Kutoka hatua ya pili hadi ya nne kunaweza kuwa siku kadhaa, kunaweza kuwa saa chache. Aliyepooza kabisa kwa zaidi ya siku moja hadi siku moja na nusu ni nadra arudishiwe miguu yake, hata upasuaji ukifanywa vizuri namna gani.

Habari za mkojo mgonjwa hakuambii mwenyewe. Anaona haya, hasa mzee mbele ya watoto wake. Kwa hiyo nawatoa ndugu nje, naketi, nauliza waziwazi: mara ya mwisho ulikojoa lini, ulilazimika kusukuma, ukijipangusa unahisi kama zamani? Majibu ya maswali hayo yameshatupeleka chumba cha upasuaji usiku bila kungoja asubuhi.

Mdudu akishajulikana, matibabu yanakuwa mepesi kuliko watu wanavyodhani, ila ni marefu. Kwa Staphylococcus asiye sugu, kloksasilini au sefazolini humuua vizuri kuliko vankomisini. Vankomisini namwekea aliye sugu, nikizipima figo na kiwango cha dawa kwenye damu. Rifampisini huingia vizuri mfupani lakini haipewi peke yake dhidi ya bakteria hawa, maana usugu huzuka upesi. Zamani tulizoea kuwapa watu dawa miezi mitatu au zaidi. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa 351, ulilinganisha wiki 6 na wiki 12, na pande zote mbili zilipona karibu asilimia 91. Mwaka 2019 ukaja utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 1,054 wa maambukizi ya mifupa na viungo, ukaonyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikuwa duni kuliko sindano za mshipani. Kwangu tafiti hizi mbili zilibadilisha maisha ya wagonjwa: mtu anayejulikana mdudu wake, ambaye jipu lake limekaushwa na kidonge chake kinafyonzwa vizuri tumboni, anaweza kumalizia wiki zake nyumbani bila mpira mkononi. Zingatia sharti lenyewe. Bila jina la mdudu, huwezi kuchagua kidonge hicho kwa uhakika.

Si wote wanaotoshwa na wiki sita. Mwenye jipu lisilokaushwa, mwenye mdudu sugu, mwenye ugonjwa mkubwa wa figo, nawapa zaidi. Bruselosi huhitaji angalau miezi mitatu ya dawa mchanganyiko. Kifua kikuu cha mgongo ni miezi sita hadi kumi na miwili ya dawa zake, na kwa hao ninatumia muda mwingi zaidi kuzungumza kuliko kuandika, kwa sababu mwezi wa tatu mgongo umetulia na mtu anaona hana sababu ya kuendelea.

Katika wiki mbili za mwanzo mgonjwa hukata tamaa. Dawa inaingia kila siku na mgongo bado unauma. Namweleza mapema kwamba mfupa ulioliwa huuma hata baada ya wadudu kufa, na kwamba mimi naangalia CRP, ambayo inatakiwa ianze kushuka ndani ya wiki chache; ESR hufuata nyuma kwa mwendo wake. Sirudii MRI kwa mtu anayeendelea vizuri. Picha hubaki nyuma ya mwili, na inaweza kuonekana mbaya zaidi wakati mgonjwa anapata nafuu. Nimeona watu wakitishika na ripoti kama hiyo na kudai upasuaji wasiouhitaji. MRI naiomba CRP ikigoma kushuka, maumivu yakizidi, au miguu ikibadilika. Upasuaji tunauweka kwa uti unaobanwa, jipu lisilofikiwa na sindano, pingili zilizoanguka na kupinda, au dawa zilizoshindwa. Na vyuma vikihitajika kuushikilia mgongo, uwepo wa maambukizi hautuzuii kuviweka, mradi usaha umesafishwa na dawa sahihi inaendelea.

Mkanda wa mgongo nawapa wale ambao bila huo hawawezi kusimama, kisha nawahimiza wautoe kadiri maumivu yanavyopungua. Kitanda ni adui. Siku mtu anapoweza kusimama na kupiga hatua chache, naomba mtaalamu wa mazoezi ya viungo awe pembeni yake siku hiyo hiyo.

Anapomaliza dawa, simwachii aende na cheti cha mstari mmoja. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, na mara nyingi humkuta mgonjwa mbele ya daktari ambaye hamjui. Kwa hiyo karatasi yake ina jina kamili la mdudu, dawa zinazomuua na zisizomuua, tarehe ya kuanza na kumaliza, CRP ya mwisho, na pingili zilizoathirika. Namwomba aipige picha kwa simu, na mtu mmoja wa nyumbani naye awe nayo. Chini yake naandika kwa mkono, kwa herufi kubwa: maumivu mapya ya mgongo au homa isiyoeleweka, achukuliwe damu ya kuotesha kabla ya kumeza kidonge chochote.